Catching Fire niliyokodi imekatwa pande zote, halafu naambiwa "muvi si inacheza?"

Nyota moja. Nimeikodi juzijuzi kwenye huduma ya kukodi muvi mtandaoni, nikalipa bei ya juu kwa sababu imeandikwa ubora wa juu kabisa, na nilichopewa ni kipande cha picha.

Muvi yenyewe ni The Hunger Games: Catching Fire ya mwaka 2013, muendelezo wa ile ya 2012. Hadithi siirudii hapa. Nani kaigiza, inachukua dakika ngapi, hayo yapo kila mahali. Mimi nina ugomvi na sekunde chache tu, pale Katniss, shujaa wa hadithi, anapopandishwa kwa lifti mpaka uwanjani, mahali washindani wanapolazimishwa kuuana mbele ya taifa zima, kwa sababu ukiziharibu sekunde zile umeiharibu nusu ya pili yote.

Tuliangalie tukio lenyewe. Katniss yuko chini ya ardhi, amesimama ndani ya bomba la kioo. Cinna, fundi aliyemshonea nguo, yuko nje ya kioo, hatua moja tu kutoka kwake. Ghafla askari wa sare nyeupe wanaingia na kuanza kumpiga Cinna mbele ya macho yake, wanampiga mpaka anaanguka. Katniss anapiga kioo kwa viganja, anapiga kelele, na lifti inaanza kupanda hivyo hivyo. Hapewi hata nafasi ya kulia. Linakuja giza, halafu mwanga mkali unaomfumbisha macho, halafu maji. Maji kila upande, Cornucopia, lile ghala la silaha lenye umbo la pembe, katikati, msitu umezunguka kote, na mbingu juu.

Hapo ndipo picha inapofunguka. Mwanzo wote wa muvi, zaidi ya saa nzima, picha ni mstatili mwembamba na mpana, 2.40 kwa 1. Kwenye TV ya 1920 kwa 1080 umbo hilo linatumia mistari 800 tu ya kimo. Mistari 280 inayobaki ni nyeusi, 140 juu na 140 chini. Lifti inapopanda, kwenye diski ya Blu-ray ule weusi unaondoka na picha inaenea mistari yote 1080. Ni asilimia 35 ya kimo imeongezeka bila wewe kugusa rimoti. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu maumbo ya picha anakaa sawa kwenye kiti. Kifua kinabana pamoja na cha Katniss, kwa sababu ghafla kuna mbingu, na mbingu ile si ya kweli. Ni kuba iliyojengwa na watu wanaotaka afe.

Si urembo. Mwongozaji Francis Lawrence na mpigapicha wake Jo Willems waliipiga sehemu ya uwanjani kwa kamera za IMAX, zile zinazotumia mkanda wa milimita 65 unaopita kwa ulalo, matundu 15 kwa fremu moja. Kamera hizo ni nzito. Zinanguruma kiasi kwamba mazungumzo mara nyingi lazima yarekodiwe upya studio. Mkanda mmoja unaisha kwa takriban dakika 3, unasimama, unapakia mwingine. Watu waliobeba mtambo wa namna hiyo mpaka ndani ya msitu wa Hawaii walikuwa wanatafuta kitu, na kitu hicho ni kimo.

Kwa nini kimo? Hesabu hatari za uwanja huu. Radi inapiga mti mrefu kuliko yote. Nyani wamejaa kwenye matawi, na kwanza husikii chochote, unainua macho ndipo unawaona. Ndege wanaoiga sauti za ndugu zako wanashuka kutoka juu. Mvua ya damu. Sura za waliokufa zinaonyeshwa angani usiku. Hata msaada unashuka na parachuti. Katika muvi ya kwanza adui alikuwa mtoto mwenzako aliyejificha nyuma ya mti, yuko usawa wa macho yako. Katika hii adui yuko juu, na mwisho wa yote Katniss anafunga waya wa mshindani mwenzake Beetee kwenye mshale na kuulenga juu, kwenye kuba lenyewe. Muvi nzima inamfundisha mtu mmoja kuinua macho. Sasa wewe unakata juu! Unabakiza nini?

Na huyu aliyenikodishia hakukata mara moja. Nimeiweka sambamba na diski ya Blu-ray, fremu kwa fremu, TV ikiwa kwenye 16:9, umbo la kawaida la TV, na ule mpangilio unaoonyesha picha yote bila kuivuta. Walichofanya ni hiki. Wamechukua toleo ambalo ni 2.40 mwanzo mpaka mwisho, lile ambalo uwanjani tayari limepunguzwa juu na chini mpaka ikabaki asilimia 74 ya kimo. Halafu, ili mteja asione weusi kwenye TV yake, wakalivuta lijaze kioo. Ukivuta 2.40 ijaze 16:9 unapoteza asilimia 26 ya upana, 13 kulia na 13 kushoto. Kwa hiyo uwanjani kimebaki 74 ya 74, yaani kama asilimia 55. Karibu nusu ya picha iliyomo kwenye diski imetupwa, na kilichobaki kimekuzwa, kwa hiyo hata ule ukali wa picha niliolipia haupo, kuna ukungu ukungu kwenye majani.

Madhara yanaonekana hata kabla ya uwanja. Jukwaani kwa mtangazaji Caesar, washindi wote wa michezo iliyopita, wanaorudishwa uwanjani, wanaposhikana mikono kwa mstari mmoja mbele ya taifa zima, waliosimama mwishoni mwa mstari hawapo. Mkono umeinuliwa na aliyeshikwa haonekani. Tukio linalosema "tuko pamoja" limepunguziwa watu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikaambatanisha picha mbili na hesabu hizo hizo. Jibu: "Ndugu mteja, zima kifaa chako kisha uwashe tena." Nikajibu kwamba kifaa kiko sawa, diski inaonyesha vizuri kwenye TV ile ile. Jibu la pili: "Muvi si inacheza?" Nikasema inacheza. "Basi hakuna tatizo." Wakafunga malalamiko. Hawakufungua hata picha moja kati ya zile mbili. Hilo ndilo lililonichoma kuliko fedha. Ukienda dukani ukanunua kitenge ukapewa nusu, muuzaji hawezi kukuuliza kama hicho ulichopewa si kinavalika.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa tatizo ni lako kabla hujapima, na kupima ni kazi ya dakika mbili. Usianzie mwanzo. Ruka moja kwa moja mpaka kwenye lifti, na kama huduma yako inarudisha fedha kabla hujatazama sana, fanya hivyo kwanza kabisa. Ukiona weusi juu na chini kabla ya lifti, halafu ukaondoka anapotokeza kwenye maji, una toleo zima, kaa utazame. Weusi ukibaki pale pale mpaka mwisho, una toleo la ukumbi wa kawaida, na hakuna kitufe cha kulirekebisha, kwa sababu kilichokatwa hakimo ndani ya faili. Lakini kama hakuna weusi hata kabla ya lifti, shuku TV yako kabla ya kugombana na mtu. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha. Ukikuta Zoom, toa, weka 16:9, na kama kuna Just Scan au Screen Fit chagua hiyo, maana TV nyingi hukata kidogo kingo hata zikiwa kwenye 16:9. Weusi ukirudi, kosa lilikuwa la rimoti. Usiporudi, wamekukata wao. Na watu wakionekana warefu na wembamba, picha imenyooshwa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwenye simu mambo yanageuka, na hapa wengi wanajikata wenyewe. Simu za siku hizi ni ndefu, nyingi ni 20 kwa 9. Sehemu ya kwanza ya muvi inakaribia kujaza kioo chote, mtu anafurahi. Ikifika uwanjani, toleo zima linatokea na weusi kulia na kushoto. Mtu anadhani picha imepungua, anaitanua kwa vidole viwili mpaka ijae. Hapo hapo amekata asilimia 20 ya kimo, 10 juu na 10 chini, na maandishi ya tafsiri kama yamechapwa juu ya picha yanaanza kuliwa. Acha weusi wa pembeni ukae. Kwenye simu, weusi wa pembeni uwanjani ni dalili kwamba una muvi kamili.

Sasa nije kwenye maoni ya watazamaji, maana yananiumiza. Lawama inayorudiwa kuliko zote ni kwamba huu muendelezo ni marudio: wameingia uwanjani tena, steringi yule yule, upinde ule ule. Nimeshaona watu wanaojua muvi wakisema hivyo na kuondoka. Mimi naamini wengi wao waliona kipande kama changu. Ukiuona uwanja kwa kimo chake unaelewa kwamba huu ni mtambo. Ni saa, yenye vipande 12, kila kipande na balaa lake kwa saa yake. Wiress, mshindani mwenzao, anahangaika kuwaeleza, "tik tok, tik tok", na hakuna anayemsikiliza mpaka Katniss anaangalia juu na kuunganisha radi na ule mti. Bila mti, bila juu, inabaki watu wanakimbia kwenye majani. Ndiyo, hapo hata mimi ningesema ni marudio.

Lakini haki isemwe, na hapa nalegeza kidogo. Kumbi za kawaida mwaka 2013 zilionyesha toleo lisilofunguka, 2.40 mpaka mwisho, na bado muvi hii ndiyo iliyoongoza kwa mapato Marekani kati ya zote zilizotoka mwaka ule. Watu hao hawakuona kimo na walitoka wameshikwa. Kwa hiyo siwezi kusema bila kimo hakuna muvi. Tukio la Wilaya ya 11, kabla ya uwanja, halina IMAX hata chembe: mzee mmoja katikati ya umati anapiga mluzi wa Rue, msichana wa wilaya hiyo aliyeuawa katika muvi ya kwanza, anainua vidole vitatu, umati unainua naye, na askari wanamvuta mbele na kumpiga risasi. Dakika chache tu, picha nyembamba, na hakuna sehemu nzito kuliko hiyo katika hadithi nzima. Mags naye, mshindani mzee anayeigizwa na Lynn Cohen, haongei chochote, anambusu Finnick, mwenzake wa wilaya moja, na kuuendea ukungu wa sumu ili Finnick aweze kumbeba Peeta, mwenzake Katniss. Pale hata kwenye simu yenye ufa unalia. Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika nyota tatu.

Halafu radi ikapiga mti, na kwenye toleo langu mti hauna kilele. Katniss anavuta upinde, analenga, na anacholenga hakipo kwenye picha. Kuba linapasuka, vipande vinaanguka kutoka mahali ambapo hatukuonyeshwa. Mshale unatoka na kuingia kwenye ukingo wa TV. Nyota tatu zimerudi kuwa moja. Unaweza kumsamehe mtu aliyekupa toleo la ukumbi wa kawaida, lile lilitengenezwa na wenyewe na fremu zake zilipangwa na watu wanaojua kazi. Hili langu halikupangwa na mtu yeyote. Limevutwa tu lijaze kioo, na mti umekatwa kwa sababu hakuna aliyeangalia.

Kuhusu mwisho, watu wanaosema umekatwa ghafla, hapana. Gale, rafiki yake Katniss, anamwambia kwamba Wilaya ya 12, kwao, haipo tena. Kamera inabaki usoni mwa Jennifer Lawrence, anayeigiza Katniss, karibu sana, bila neno. Mwanzoni ni msiba mtupu. Midomo inatulia. Macho yanakauka. Uchungu unageuka hasira pale pale, mbele yako, ndani ya pumzi chache, halafu anatutazama sisi. Uso uko katikati, mkubwa, na ukataji wao wa kulia na kushoto haukuugusa. Nimeurudia mara nne kwenye toleo hili hili lililoharibiwa na kila mara umesimama.

Kwa uso ule naweka nyota mbili. Fedha yangu bado naidai.