Uzoefu wangu na boksi la miaka 50 la Abbey Road

Kila albamu kubwa ya rock inapofikisha miaka 40 au 50, linatoka boksi jipya, na mara nyingi ndani yake unakuta nyimbo zile zile ulizo nazo nyumbani kwa bei iliyopaa. Kwa hiyo boksi la Abbey Road ya Beatles lilipotoka Septemba 2019, sikukimbilia. Shemeji yangu ndiye aliyenibebea kutoka Uingereza baadaye, nami nimelisikiliza kuliko maboksi mengine yote niliyo nayo. Naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama hela yake itakwenda pazuri.

Toleo kubwa lina CD 3, diski moja ya Blu-ray na kitabu cha jalada gumu chenye kurasa 100. Nyimbo pamoja na majaribio ya studio ni 40. CD ya kwanza ni albamu yenyewe, iliyochanganywa upya (sauti na ala zikapangwa na kusawazishwa upya) kutoka mikanda ya awali na Giles Martin pamoja na fundi mitambo Sam Okell. Giles ni mtoto wa George Martin, prodyuza aliyeisimamia albamu hiyo. Ilitoka Uingereza tarehe 26 Septemba 1969, naye Giles akazaliwa tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo. Kazi aliyokabidhiwa kuigusa ina umri wake kabisa, na mimi nasikia heshima katika namna alivyoigusa.

Weka hedifoni uanze na Come Together. Besi ya Paul McCartney imesogea mbele, na yale mapigo ya Ringo Starr yanayozunguka ngoma zote sasa yana kifua. Ringo alikuwa akizifunika ngoma zake kwa vitambaa vya jikoni ili zisilie ovyo, na hapa unausikia ule mguso mzito, mkavu. Halafu nenda Because. John Lennon, Paul na George Harrison waliimba sauti tatu kwa pamoja, wakarudia mara tatu juu ya mkanda ule ule, zikawa sauti tisa. Zamani nilizisikia kama wingu moja. Sasa naweza kumfuata mmoja mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na wingu lenyewe halijavunjika.

Wapo wanaosema albamu hii haikuhitaji kuguswa, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1969 studio yao ilikuwa imepata meza mpya ya kuchanganyia sauti, ya transista, na mashine ya kurekodi njia nane kando kando, kwa hiyo Abbey Road tangu siku ya kwanza ilikuwa safi kuliko albamu zao zilizotangulia. Sgt. Pepper, ambayo Giles aliichanganya upya mwaka 2017, ilibadilika sana. Hii imebadilika kidogo. Kama huna muda wa kukaa ukasikiliza kwa makini, huenda usione tofauti yoyote, na sitakubishia.

Kilichonifanya nilipende boksi hili kimo kwenye CD ya pili na ya tatu. Hapo ndipo unapowasikia watu wakiwa kazini. I Want You walianza kuirekodi studio ya Trident, Soho, mwezi Februari 1969, na katika jaribio lililowekwa humu wanapata habari kwamba kuna jirani analalamikia kelele. Wanaongea kidogo, kisha wanaupiga wimbo kwa nguvu kana kwamba hawajaambiwa kitu. Come and Get It ni Paul peke yake: aliingia studio mwezi Julai, akapiga ala zote na kuimba, akamaliza ndani ya muda usiofika saa moja, ili kundi la Badfinger lijue namna ya kuupiga. Wao waliufuata karibu nukta kwa nukta. Na kuna Something yenye fidla na wenzake tu, bila mwimbaji, bila gitaa. Mpangilio wa George Martin unasimama wenyewe na unaumiza moyo.

Majaribio mengine ningeyaacha. Maxwell's Silver Hammer sijawahi kuupenda, na kuusikia haujakomaa hakujaniongezea kitu.

Ila wimbo mmoja mrefu unalipa boksi zima. Upande wa pili wa albamu una vipande vilivyoungwa kimoja baada ya kingine, na humu limewekwa jaribio la kwanza la kuviunga, la tarehe 30 Julai 1969. Katika jaribio hilo Her Majesty iko katikati, baada ya Mean Mr. Mustard na kabla ya Polythene Pam. Paul aliisikia pale hakuipenda, akataka ikatwe. Fundi kijana John Kurlander alikuwa ameagizwa asitupe chochote cha Beatles, basi akakiokota kile kipande na kukiunganisha mwisho kabisa wa mkanda, baada ya ukimya mrefu. Walipousikia mkanda wakaona kinafaa kibaki hapo. Ndiyo sababu kwenye albamu Her Majesty inaanza na kishindo kikubwa cha gitaa kisicho chake: ni noti ya mwisho ya Mean Mr. Mustard iliyokatwa pamoja nayo. Yenyewe ikakosa noti yake ya mwisho. Miaka yote nilikuwa nakisikia kile kishindo nisijue kimetoka wapi. Humu unasikia kilipokuwa kimeshonwa tangu awali, na uamuzi wa Paul unauelewa mara moja, kwa sababu pale katikati wimbo unapunguza mwendo wa wote.

Siku moja nilikuwa nasikiliza I Want You sebuleni, mpwa wangu akiwa anafanya hesabu zake. Wimbo unafika karibu dakika ya nane, gitaa zinarudia mzunguko ule ule mzito, upepo wa kinanda cha Moog unazidi, halafu ghafla: kimya. Kijana akanyanyua kichwa. “Mjomba, umeme?” Nikamwambia hapana, Lennon ndiye aliyeamuru mkanda ukatwe pale. Hakuamini mpaka nilipourudisha nyuma. Nafurahi kwamba miksi mpya imeuacha ukatikaji ule ulivyo, bila kuulainisha.

Kwa sisi tuliokulia kwenye dansi, tuliozoea kumtambua mpiga solo kwa vidole vyake, The End ndiyo karamu. Ringo anapiga solo yake pekee ya ngoma katika rekodi zote za Beatles, kisha Paul, George na John wanapokezana magitaa, kila mmoja akipiga kidogo na kumpisha mwenzake, kwa zamu hiyo hiyo, mara tatu. Paul anachonga kwa ukali, George anaimba kwa nyuzi, John anakwaruza. Na unapokumbuka kwamba tarehe 20 Agosti mwaka huo watu hawa wanne walikuwa pamoja studio kwa mara ya mwisho, ule mpokezano unauma. Let It Be ilitoka baadaye, Mei 1970, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa imerekodiwa tangu Januari 1969.

Kitabu ni kizuri. Kina picha za kivuko cha waenda kwa miguu, kile cha kwenye jalada la albamu, alizopiga Iain Macmillan tarehe 8 Agosti 1969, akiwa juu ya ngazi katikati ya barabara. Alipiga sita tu. Karatasi ni nzito na picha ziko wazi. Ubaya wake ni ukubwa: boksi langu lilifika limepondeka kona moja.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni huu. Blu-ray inataka spika za kuzunguka chumba. Kama huna, toleo la CD 2 linatosha, kwa kuwa lina miksi mpya na majaribio yaliyopangwa kwa mfuatano wa albamu. Lile jaribio refu la Julai limo kwenye boksi kubwa, lakini unaweza kulisikia mtandaoni kwa kifurushi chako cha kawaida. Mwenye mashine ya santuri achukue ile ya santuri moja, aigeuze upande mwenyewe I Want You ikikatika.