Darubini inatetemeka: mpini wa fagio au kamba?

Darubini ya macho mawili ya 10x50 hukuza kila kitu mara 10, mtetemo wa mikono ukiwamo. Ndiyo maana sayari ya Mshtarii (Jupita) huruka-ruka na miezi yake minne mikubwa haihesabiki.

Ya kuituliza ni mawili: mpini wa fagio au kamba. Kwa gharama hakuna ugomvi: mpini upo nyumbani, na kipande cha kamba ya katani hakikosekani. Kwa utulivu, mpini unashinda waziwazi. Ukiifunga darubini juu yake kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uzito unashuka ardhini, na kinachobaki ni kuyumba kidogo kushoto na kulia. Lakini nyota zikiwa utosini, kama zile tatu za mstari mmoja ziitwazo Ukanda wa Orioni, usiku wa manane wa Desemba, mpini ni kero tupu, shingo inaumia bure. Hapo kamba inafaa: ifunge kwenye bawaba ya katikati, kanyaga ncha ya pili, vuta juu hadi ikaze. Ila mikono bado imebeba mzigo.

Matunzo? Tyubu hukauka na kupasuka. Kamba haina makuu.

Anayekodolea sayari moja uani achukue mpini. Anayepanda daladala kufuata giza nje ya mji, kamba inaingia mfukoni. Mwenye mkeka, hata kulala chali kunasaidia.