Nimerudi kurilodi risasi nyumbani baada ya miaka: uzoefu wangu na presi ya RCBS, bei za sasa na vilivyobadilika

Niseme mapema ili mtu asipoteze muda wake. Kama unataka kurudi kurilodi, yaani kujijazia mwenyewe, risasi za bastola za 9mm ukitegemea kuokoa hela, usirudi. Ila kama una raifo ya .308 au .30-06, au kaliba (saizi ya risasi) yoyote ambayo boksi moja dukani linauma, na unataka risasi inayotua pale pale ulipolenga, rudi hata leo, na wala huhitaji mashine ya kifahari. Hayo ndo nimeyaona tangu nifungue tena vyombo vyangu hapa Texas.

Kwa wasioijua hii kitu, risasi moja nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, praima kule kitakoni (kiwashio kinachowasha baruti), baruti ndani, na kichwa chenyewe kinachoruka. Ukifyatua, ganda linabaki, na kwa raifo ganda ndo la bei kuliko vyote, kwa hiyo unaliokota, unalisafisha, unalipitisha kwenye dai (kalibu ya chuma) lirudi kwenye saizi yake, unatia praima mpya na baruti mpya na kichwa kipya. Hapa Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni kama unajitengenezea mwenyewe, leseni inaanza pale unapotaka kuuza. Ndugu zangu mlioko Tanzania na Kenya msichukue haya mkadhani yanawahusu na huko, sheria za silaha huko haziruhusu mtu kukaa chumbani kwake anatengeneza risasi bila leseni, na ukikamatwa ni jela.

Mimi niliacha kwa sababu za kawaida tu, kuhama nyumba, watoto wadogo, shifti za usiku, halafu ikaja 2020 na 2021 praima zikapotea madukani kabisa. Wakati ule watu walinunua bunduki kama wamechanganyikiwa, viwanda vikazidiwa, Remington nayo ikaingia kwenye kufilisika 2020, basi boksi la praima 1000 ambalo tulizoea kulichukua kwa dola 30 hadi 35 ukalikuta kwa mtu binafsi anataka 100 na zaidi. Nikafunika vyombo nikasema basi. Sasa hivi zimerudi rafu za duka lakini bei haijarudi ilikokuwa, mimi nazikuta dola 70 mpaka 90 kwa 1000, inategemea siku na duka, na nadhani ile ya 30 tuisahau.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wengi wanajidanganya. 9mm ya kiwandani ukinunua boksi kubwa unaipata kwa kama senti 25 risasi moja. Ukirilodi, praima senti 8, kichwa senti 11 au 12, baruti senti 3, jumla 22 au 23, na hapo hujahesabu presi (mashine ya mkono inayosukuma ganda kwenye dai), hujahesabu Jumamosi yako nzima. Kwa senti 2 mimi naenda dukani nanunua. Njoo kwenye .308 sasa. Risasi za shabaha za kiwandani, zile zenye kichwa cha Sierra MatchKing cha greni 168 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), zinakwenda dola 1.50 mpaka 2 kila moja. Nyumbani kichwa hicho hicho kama senti 45, praima senti 9, baruti pauni moja ina greni 7000 na inanitolea risasi kama 160, kwa bei ya sasa ya dola 50 na kitu inaangukia senti 30 na ushee, maganda ninayo tayari. Nafika senti 85 hivi. Hapo kuna maana, na maana inazidi kwa wenye kaliba za zamani au zile ambazo duka lina boksi mbili tu mwaka mzima.

Ila hela siyo sababu yangu kuu na sitaki kuwadanganya kwamba ndiyo. Sababu ni bunduki yangu. Kila mtutu una kichwa unachokipenda na kasi unayoipenda, kiwanda kinatengeneza risasi ya kuingia kwenye bunduki zote nchi nzima, wewe unatengeneza ya kwako. Raifo yangu ya .308 kwa risasi za duka ilikuwa inatawanya kama inchi moja na nusu kwa yadi 100, siyo mbaya, kulungu anakufa vizuri tu. Kwa risasi zangu makundi, yaani matundu kwenye karatasi ya shabaha, yamekaa chini ya inchi moja, mazuri yanakuwa robo tatu ya inchi, na raifo ni ile ile, skopu ile ile, bega lile lile. Ukiliona kundi la namna hiyo limetoka mezani kwako mwenyewe, aisee, hiyo furaha siwezi kuinunua dukani.

Tuje kwenye presi. Ninayo RCBS Rock Chucker, ile ya chuma cha kumimina yenye umbo la O, inafanya kazi moja kwa kila mvuto wa mkono. RCBS ilianzishwa na Fred Huntington kule Oroville, California, mwaka 1943, na mashine zao za zamani bado ziko kwenye magereji ya watu mpaka leo zinafanya kazi. Yangu ilikaa gerejini muda wote huo, ikashika kutu kidogo kwenye ramu (nguzo inayopanda na kushuka), nikaipangusa kwa mafuta na kitambaa, nikaifunga kwenye meza, ikaendelea kana kwamba haikuwahi kusimama. Hakuna umeme, hakuna programu ya kuapdeti. Wapo watakaokwambia ununue presi ya progresivu, zile kama za Dillon za kule Arizona, kila ukivuta mkono inatoka risasi iliyokamilika. Ni mashine nzuri sana kwa mtu wa mashindano ya bastola anayepiga mamia kwa wiki. Kwa mtu anayerudi baada ya miaka mimi nasema anza na hii ya hatua moja, kwa sababu inakulazimisha kushika kila ganda mkononi kila hatua, na akili inarudi taratibu kwenye mpangilio wake. Kama bajeti haipo kabisa, Lee wa Wisconsin wana presi za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri tu, rafiki yangu anayo na sioni tofauti kwenye karatasi ya shabaha.

Nilichochukia ni mizani ya kidijitali ya bei rahisi niliyoagiza mtandaoni, kampuni siitaji. Ilikuwa inahama yenyewe, umeweka baruti inasoma hivi, AC ikiwaka inasoma vingine, na sehemu ya kumi ya greni kwenye mchezo huu siyo utani, mdomo wa bunduki uko mbele ya macho yako lakini mlipuko uko karibu na shavu. Nimerudi kwenye mizani ya mkono, ile ya ufito, inategemea nguvu ya mvutano wa dunia tu na haijui habari za taa wala AC. Ni ya polepole lakini naiamini, na kila nikianza naijaribu kwanza kwa jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana.

Kilichobadilika kuliko vyote nilipokuwa nje ni kronografu, chombo cha kupima kasi ya risasi. Zamani unapanga vijiti vyako mbele ya bunduki, unapiga katikati yake ukiomba usikipasue chombo, na wingu likipita jua likijificha namba zinakuwa za ajabu. Sasa kuna Garmin Xero C1, ilitoka mwishoni mwa 2023, inatumia rada, unaiweka pembeni ya bunduki mezani ni ndogo inaingia mfukoni, inasoma kasi ya kila risasi bila shida. Bei dola 600, inauma, niliizunguka sana kabla ya kununua. Lakini imenionyesha kitu ambacho karatasi haionyeshi, kwamba kasi zangu zilikuwa zinapishana kwa sababu ya maganda mchanganyiko. Maganda ya jeshi ya kiwanda cha Lake City, yale ya 7.62 (kwa nje yanalingana na ya .308) yanayookotwa renji, kuta zake ni nene kuliko ya kiraia, nafasi ndani ni ndogo, kwa hiyo baruti ile ile inatoa presha kubwa zaidi. Nikayatenganisha kwa chapa na namba zikakaa sawa. Halafu yale ya jeshi praima yake imebanwa, lazima uondoe ule ubano kwanza ndo praima mpya iingie.

Urefu wa ganda pia usiuchukulie poa. Ganda la .308 kikomo chake ni inchi 2.015 na tunalikata lirudi 2.005, linarefuka kidogo kidogo kila linapopigwa na kupitishwa kwenye dai, likizidi mdomo wake unabanwa mbele ya chemba na presha inapanda. Kalipa nzuri ya kupimia urefu ni lazima. Na mafuta ya ganda kabla ya kuliingiza kwenye dai, usipopaka linanasa humo na siku yako imeisha.

Mtu anayerudi ana tatizo la vitu vya zamani, hili nimeulizwa sana. Praima zilizokaa pakavu ndani ya nyumba zinawaka bila shida. Baruti fungua kopo unuse, ikiwa na harufu kali ya asidi au unaona vumbi jekundu kama kutu, hiyo imeoza, usiitumie. Na baruti yoyote isiyo kwenye kopo lake la asili lenye jina, hata kama unakumbuka kabisa ni ipi, mwaga. Vipimo vya baruti chukua kwenye kitabu kipya, Lyman au Hornady au tovuti ya Hodgdon, uanzie chini upande taratibu, usichukue kipimo cha mtu wa mtandaoni nikiwemo mimi, ndo maana sijaandika hata kimoja hapa.

Kuhifadhi nako: kanuni za zimamoto za NFPA (shirika la Marekani la kinga ya moto) kwa nyumba ya kuishi ni baruti pauni 20 kwenye makopo yake na praima 10,000, na usifungie baruti kwenye boksi la chuma lisilopumua, moto ukitokea hilo linageuka bomu, kabati la mbao ndo sahihi. Gereji za Texas wakati wa kiangazi ni tanuri, baruti yangu iko ndani ya nyumba chumbani penye ubaridi, kabati lina kufuli. Kuagiza mtandaoni jua kuna ada ya mzigo wa hatari ambayo inakula faida yote ukiagiza kopo moja, ama unganeni watu kadhaa ama nunua duka la karibu.

Na hili naomba wenye watoto mnisikie kwa makini. Praima ina madini ya risasi (lead), ukisafisha maganda kwa mashine kavu yenye chenga za magunzi ya mahindi lile vumbi lina sumu, linaingia mapafuni na kwenye zulia anapotambaa mtoto. Mimi nimehamia kwenye kuosha kwa maji na pini ndogo za chuma, vumbi hakuna, maji machafu nayashughulikia nje mbali na jikoni, nguo za kazi hiyo zinafuliwa peke yake, mikono naosha kwa sabuni kabla sijagusa chakula wala mtoto. Siku za kurilodi hakuna simu mezani, hakuna TV, hakuna bia, na baruti ni ya aina moja tu juu ya meza. Nikimaliza kujaza trei nzima namulika kila ganda kwa tochi nione kimo cha baruti kinalingana kabla sijaweka kichwa hata kimoja, kwa sababu ganda lililojazwa mara mbili linapasua bunduki, na lisilo na kitu linaacha kichwa kimekwama ndani ya mtutu kikisubiri kinachofuata.

Nyota nampa Rock Chucker tano kamili, Garmin nne kwa sababu ya bei, mizani ile sifuri. Nguruwe pori hapa Texas wanawindwa mwaka mzima, kwa hiyo sina haja ya kusubiri msimu wa kulungu wa Novemba, nimeagiza vichwa vya greni 175 nivijaribu yadi 300, na nikiona mtutu unavipenda nitaachana na 168 kabisa.