Sekonic L-398: kipima mwanga kilichoniunguzia mkanda mzima kabla sijakielewa

Nilikiokota Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye turubai la jamaa anayeuza mchanganyiko wa chaja, redio na miwani. Kidude cheusi, uso wake una namba kama saa, na juu kina kikuba cheupe kama mpira wa mezani uliokatwa katikati. Muuzaji hakujua ni nini. Mteja aliyekuwa pembeni akasema hiyo ni mashine ya kutafutia dhahabu. Simlaumu, huku Chunya ni jirani na kitu chochote chenye mshale watu wanakipeleka machimboni. Nikatoa elfu thelathini na tano, nikaondoka nacho. Sasa nina miezi mitano nacho, naona naweza kukisema bila kukionea.

Kilichonivuta ni kwamba hakili betri. Ndani kuna seleniamu: mwanga ukiipiga inazalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosukuma mshale. Ukibonyeza kitufe cha katikati mshale unapanda, ukikiachia unaganda palepale ulipofika. Kisha unazungusha duara, unaoanisha alama na namba ya mshale, halafu unasoma tundu la lenzi na kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) zinazokwenda pamoja. Kwa maelezo ni rahisi hivyo.

Siku ya kwanza nilikitoa nje saa sita mchana, Uyole, jua kali. Mshale ukaruka ukagonga mwisho, ta! Nikajua kimekufa. Nikapekua mkoba wake, nikakuta kibati chembamba chenye matundu kimeandikwa H. Kumbe kinachomekwa nyuma ya kile kikuba kupunguza mwanga mkali. Nikakichomeka, mshale ukatulia karibu na 320. Nikafurahi mno, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye duara kuna pembetatu mbili. Moja ina H, ya kutumia kibati kikiwa ndani. Nyingine ni ya wakati kibati hakipo. Mimi nikatumia hiyo nyingine. Kibati kinapunguza mwanga mara 32, yaani hatua tano za kamera, kila hatua ikiwa ni mara mbili, kwa hiyo kipima kikanishauri kana kwamba niko kibarazani jioni: tundu f/16 kwa kasi ya 1/8 ya sekunde, na mkanda wangu ulikuwa Kodak Gold 200. Mtu yeyote aliyewahi kushika kamera anajua kwamba 1/8 kwenye jua la utosi ni kichekesho, jua la namna hiyo linataka kama 1/250. Mimi niliamini chuma. Picha 36 za kipaimara cha binti wa dada yangu. Nikautuma mkanda Dar es Salaam kwa basi ukasafishwe, ukarudi mweusi tii, maana kwenye mkanda wa negativu mwanga ukizidi unageuka giza; ukiuinua dirishani huoni hata kichwa cha mtu. Dada yangu hajaacha kunikumbusha.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio enzi za picha nyeusi na nyeupe. Alinikuta nje ya ukumbi nimesimama kwenye kamera, kikuba nimekielekeza kwa maharusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unapima nini mwanangu?"

"Mwanga, mzee."

"Mwanga unamwangukia nani, wewe au bibi harusi?"

Akakichukua, akaenda akasimama mbele ya bibi harusi, akakiweka usawa wa kidevu cha bibi harusi, kikuba kikitazama kamera yangu. Akabonyeza, akaachia, akarudi na namba. Ilikuwa tofauti kabisa na yangu, maana mimi nilikuwa kivulini na wao juani.

Nikaelewa kwa nini hiki kitu bado kinatafutwa. Kipima cha ndani ya kamera kinaangalia mwanga unaorudi kutoka kwa mtu, na kinachukulia kila kinachokiona kuwa ni kijivu cha wastani. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi: kamera inaona giza, inamwongezea mwanga, anatoka amepauka kama kapakwa unga. Bibi harusi na shela jeupe: kamera inapunguza, shela linatoka kama limefuliwa kwa maji ya mtoni. Wakisimama pamoja ndiyo kabisa, inategemea nani kachukua nafasi kubwa zaidi. Kikuba hakijali nani kavaa nini. Kinapima kinachowaangukia, basi. Tangu hapo nyuso za watu wetu zinatoka na rangi yao, na kwangu hilo peke yake limelipa ile elfu thelathini na tano.

Sasa kasoro. Ndani ya kanisa, hata kibati ukikitoa, mshale unajivuta kidogo tu halafu unakaa. Hapo natumia programu ya simu na sioni aibu. Picha za mbali nazo zinakishinda: mlima Loleza ukiwa juani na wewe uko chini ya wingu mtaa wa Soweto, huwezi kupanda mlima kwenda kupima ukarudi. Na duara la changu ni gumu asubuhi za Juni. Sijui ni baridi au ni uzee wake, ila nalipasha kwanza kiganjani.

Ukikutana nacho mahali, kabla hujatoa hela funika kikuba chote kwa kiganja, ubonyeze kitufe. Mshale ulale kwenye sifuri. Usipolala, nyuma kuna skrubu ndogo ya kuurekebisha, hilo lisikutishe. Halafu chomeka kibati, toka juani mchana kweupe pasipo na wingu, uelekeze kikuba kwenye jua. Changu hukaa kati ya 160 na 320, karibu zaidi na 320. Kikikupa 40, seleniamu imechoka, kirudishe kwenye turubai. Na hakikisha kibati kipo. Muuzaji wangu alikuwa anataka kukitupa, alidhani ni takataka ya mkobani.

Wiki iliyopita nilikwenda Tukuyu kupiga wachuma chai, ukungu umeshuka mpaka magotini. Nilitoa kibati, nikatumia pembetatu isiyo na H, nikaiangalia mara tatu kabla ya kugusa shata. Mkanda bado uko njiani kwenda Dar.