Kumbukumbu za Maganda ya Risasi: Ununue Nini Kwanza

Kwa sisi tunaoishi Marekani na kujaza wenyewe risasi za kuwindia, ganda la shaba ndilo pekee linalorudi mezani. Baruti huungua, fataki (kile kiwashio kidogo cha kitakoni) hutupwa, kichwa cha risasi hubaki porini. Ganda hurudi, na kila linaporudi limechoka zaidi: limerefuka, shingo imekakamaa, ukuta umekonda juu kidogo ya kitako. Hapo ndipo hukatikia, ndani ya bunduki, karibu na uso wako. Kwa macho tu huwezi kujua limepigwa mara ngapi. Lazima iandikwe.

Chaguo la kwanza: kisanduku cha plastiki chenye matundu 50, na kadi ngumu ndani yake. Ni dola chache, nacho kinashinda vyote kwa sababu maandishi hayaachani na maganda. Kadi yangu ya .308 Winchester, aina ya risasi ninayojaza, ina chapa iliyo kwenye kitako, bunduki iliyoyapiga, vijiti vya kuhesabu kila mara yalipopigwa, tarehe shingo zilipokanzwa kwa moto ili zilainike tena, na urefu. Kikomo cha urefu wa ganda la .308 ni inchi 2.015, likizidi tunalikata hadi 2.005. Andika ulichosoma kwenye kalipa, yaani kifaa cha kupimia urefu, si kilichoandikwa kitabuni. Na ukiwa na bunduki mbili za .308, nunua visanduku vya rangi mbili, maana ganda lililobanwa shingo tu kabla ya kujazwa, si mwili mzima, hubaki na umbo la bunduki iliyolipiga, na huenda likagoma kuingia kwenye ya pili. Mimi niliwahi kuchanganya mifuko miwili isiyo na kadi. Nilitupa maganda yote, na yaliniuma, maana nusu yake yalikuwa bado mapya.

La pili ni daftari lisilolowa. Rite in the Rain, wa Tacoma, jimbo la Washington, wanatengeneza zuri sana. Tumia penseli, wino wa jeli haushiki kwenye karatasi ile. Kasoro yake ni kwamba daftari hubaki begini na maganda yako kabatini, kwa hiyo kipe kila kisanduku namba.

Jedwali la kompyuta, Excel au Google Sheets, naliweka la tatu. Linamfaa mwenye maganda mamia kwa mamia. Ila ukiwa katikati ya kazi mikono imejaa mafuta, kibodi hutaigusa, utasema utaandika kesho, na kesho umesahau vipimo.

Lebo za kunata za bei rahisi usinunue kabisa. Joto la gari hukausha gundi, zikadondoka. Mkanda wa karatasi wa mafundi rangi na makapeni vinashika vizuri kuliko hizo.

Aliyeko Kenya au Tanzania asianze kazi hii kabla ya kuulizia sheria ya silaha na risasi kwa polisi.

Ganda lisilo na kadi, ambalo hukumbuki lilikotoka, libane kwa koleo mpaka mdomo ubonyee, asije mwingine akaliokota kulijaza, kisha litie kwenye ndoo ya chuma chakavu.