Hoteli za dizaini katikati ya Copenhagen: tazama chumba kwanza, mapokezi baadaye

Ukifungua ukurasa wa hoteli ya Copenhagen inayojiita ya dizaini, yaani inayojinadi kwa usanifu na samani zake, zipite picha za mapokezi. Zipite na za baa, na za ngazi. Tafuta picha ya chumba cha bei ya chini kabisa, ambayo mara nyingi huwekwa mwisho, kisha utazame vitu vinne: dirisha, taa ya kusomea, kiti, na nafasi ya kufungulia begi. Humo ndimo utakamolala, na humo ndimo pesa yako inamokwenda.

Nasisitiza dirisha kwa sababu safari yetu ya kwanza, mimi na mke wangu tulifikia hoteli ambayo mapokezi yake yalitufanya tusimame mlangoni tukitazama tu. Chumba tulichopewa hakikuwa na dirisha hata moja. Maelezo yalisema hivyo, kwenye mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo. Usiku tatu tuliamka bila kujua kama nje kumekucha. Tangu siku hiyo siweki oda kabla ya kusoma maelezo ya chumba hadi nukta ya mwisho.

Kwa kipimo hicho, ninayoiweka ya kwanza ni Hotel Alexandra, iliyoko H.C. Andersens Boulevard, hatua chache kutoka Rådhuspladsen, uwanja wa ukumbi wa jiji. Haina mapokezi makubwa wala jengo la kupigia picha. Ubora wake uko vyumbani, kwenye samani za Kidenmark za katikati ya karne ya 20, kazi za wabunifu kama Hans J. Wegner, Finn Juhl na Arne Jacobsen. Ni samani zilizokaliwa na watu miaka mingi kabla yako: ukipitisha kiganja kwenye mkono wa kiti unahisi mti ulivyolainika. Kuna na vyumba vya pekee vilivyopambwa kwa kazi za mbunifu mmoja mmoja, bei yake imepanda kidogo, na kwa anayependa mambo haya ninaona ni pesa iliyokwenda mahali pake. Kasoro ni barabara. H.C. Andersens Boulevard ni miongoni mwa barabara zenye magari mengi kuliko zote mjini, kwa hiyo unapoweka nafasi andika wazi kwamba unataka chumba cha upande wa uani.

Ya pili ni ile ambayo wengi wangeiweka ya kwanza. SAS Royal Hotel ilifunguliwa mwaka 1960, na mara nyingi hutajwa kuwa hoteli ya kwanza ya dizaini duniani. Arne Jacobsen hakuchora jengo tu. Alichora viti, taa, vitambaa, vitasa vya milango, hata uma na visu vya mezani. Viti vyake viwili vinavyojulikana kila mahali, Yai na Bata Maji, vilizaliwa kwa ajili ya hoteli hii. Leo inaitwa Radisson Collection Royal Hotel, nayo ipo mkabala na Tivoli, bustani maarufu ya burudani, karibu kabisa na stesheni kuu. Sababu ya kuishusha ni kwamba vyumba vimebadilishwa mara kadhaa tangu enzi za Jacobsen, na kilichohifadhiwa kama alivyokiacha ni kimoja tu, namba 606, chenye rangi yake ya bluu inayoelekea kijani. Vyumba vingine ni vizuri na vina viti vyake, lakini ni vyumba vya hoteli kubwa ya kisasa. Ukiichagua, lipia ghorofa za juu: mji wote ni mfupi, na ukiwa kule unaona minara ya makanisa na mapaa hadi mbali.

Nafasi ya tatu naipa Wakeup, hoteli za bei nafuu zenye matawi kadhaa mjini, na siipi kwa kuwahurumia wenye mfuko mdogo. Ile ya kwanza, Carsten Niebuhrs Gade nyuma ya stesheni, ilisanifiwa na Kim Utzon, mtoto wa Jørn Utzon aliyechora jumba la opera la Sydney. Vyumba ni vidogo sana. Bafu ni kama kibanda cha simu, na watu wawili wenye mabegi makubwa watalazimika kupishana. Lakini kila kitu kimefikiriwa: meza iko mahali panapofaa, mwanga unaingia wa kutosha, na hakuna pambo lisilo na kazi. Huo nao ni ubunifu, tena wa aina ngumu zaidi. Kifungua kinywa hulipiwa peke yake, na bei hupanda kadiri chumba kinavyokuwa juu. Tawi la Borgergade ndilo ningelichagua, kwa sababu ukitoka mlangoni unaweza kwenda kwa miguu hadi Nyhavn, bandari ya zamani, na bustani ya mfalme. Pesa utakayookoa inatosha kwenda kunywa kahawa kule Royal, ukiwa umekaa katika kiti cha Jacobsen mwenyewe.

Mwenye watoto asinifuate katika mpango huu. Yeye aanze na Villa Copenhagen, jengo la makao makuu ya posta lililokamilika mwaka 1912 na kugeuzwa hoteli mwaka 2020, ubavuni mwa stesheni kuu. Ina vyumba 390, kwa hiyo usitegemee utulivu wa nyumbani, lakini juu ya paa kuna bwawa la kuogelea lenye maji ya uvuguvugu, na mtoto aliyetembezwa makumbusho mchana kutwa atakushukuru kwa hilo kuliko kwa kiti chochote.

Hotel Sanders, nyuma ya jumba la Royal Theatre, ni ya kupendeza kweli. Mwanzilishi wake, Alexander Kølpin, alikuwa mcheza baleti, na vyumba 54 vimepangwa kama nyumba ya mtu mwenye macho mazuri na vitabu vingi. Naiweka ya tano kwa bei tu. Usiku mmoja hapo mara nyingi hugharimu zaidi ya usiku tatu Wakeup. Kwa fungate, sawa.

Utafutaji pia utakuletea Bella Sky, minara miwili iliyoinama kila mmoja upande wake. Ni jengo la kutazamwa, lakini liko kusini mwa mji, nje kabisa ya katikati. Kama umekuja kwa mkutano kule, vizuri. Kama umekuja kuuona mji, iache.

Msimu nao ubadilishe unachokitafuta. Mwishoni mwa Juni jua la Copenhagen huchomoza kabla ya saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo mapazia mazito ndiyo usingizi wako. Uliza pia kuhusu kiyoyozi, maana majengo mengi ya zamani hayana, na chumba cha chini ya paa mwezi Julai huwa na joto linalomsumbua hata aliyekulia Tanga. Desemba mambo hugeuka: kabla ya saa kumi alasiri jua limeshazama, na jioni yote utaiishi chini ya taa. Wadenmark wanalijua hili kuliko wengi. Mbunifu wao Poul Henningsen alianza miaka ya 1920 kuchora taa zenye matabaka yanayoficha balbu ili mwanga usichome macho. Chumba chenye taa moja tu darini, ya mwanga mweupe mkali, usikichukue majira ya baridi, hata kama kiti chake ni cha makumbusho.

Wenye ndoa wajue kwamba kitanda cha watu wawili huko mara nyingi ni magodoro mawili yaliyosogezwa pamoja, na kila mtu ana blanketi lake nene. Ni desturi ya nchi, hamjatengwa. Muislamu aulize mezani asubuhi: ile pate ya kahawia inayopakwa kwenye mkate mweusi, leverpostej, ni ya maini ya nguruwe.

Kutoka uwanja wa ndege, treni hufika stesheni kuu kwa takriban dakika 15. Itakufaa kwa Royal, Villa, Alexandra na Wakeup ya Carsten Niebuhrs Gade. Kwa Sanders panda metro hadi Kongens Nytorv, nayo hutembea usiku na mchana.

Anayeomba viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Denmark, huhitaji kuonyesha mahali atakapofikia, hivyo weka oda inayoweza kufutwa bila kukatwa hela, hata kama ni ghali kidogo kuliko ile isiyorudishwa. Angalia pia siku ya mwisho ya kufuta ni ipi, na iwe baada ya tarehe unayotegemea kupata jibu la viza. Viza ikishatoka, rudi uangalie bei upya: mara nyingine chumba kilekile, cha upande wa uani, kimeshuka.