Niliomba kusafishiwa picha, wakanisafishia na watu

Duka lenyewe sitalitaja. Lipo karibu na stendi, wanatoa fotokopi, paspoti saizi na picha kubwa. Nilipeleka flashi yenye picha nne za A. J. Riddle, alizopiga Agosti 1864 katika kambi ya wafungwa wa vita ya Andersonville, Georgia, wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Nilizipakua bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nizibandike darasani; mimi hufundisha upigaji picha.

A3 moja elfu nane. Karatasi nzito, haina mng'ao wa kuumiza macho, na nusu saa tu kazi ikawa tayari. Hapo nawapa haki yao.

Tatizo ni kijana wa kwenye kompyuta. "Mwalimu, zilikuwa na madoadoa, nimezing'arisha." Nikavaa miwani. Ile ya kugawa chakula, kule nyuma pamekuwa laini kama mchanga wa pwani. Kumbe programu imefuta madoa, na madoa yenyewe ni vichwa vya watu! Mwezi ule walisongamana wafungwa kama 33,000 kwenye ekari 26 hivi. Kwa kamera za enzi zile, zilizonasa picha polepole juu ya kioo, mtu wa mbali hutoka nukta, na aliyetikisika hutoka ukungu. Ukiziondoa nukta, umebaki na uwanja mtupu.

Nyingine aliikata ienee kwenye karatasi. Kilichokwenda na makali ni ule uzio mwembamba wa mbao ndani ya ukuta, ambao mfungwa akiuvuka alipigwa risasi. Ya mazishi, maiti wamelazwa bega kwa bega kwenye mtaro, kaitia ukahawia "ionekane ya zamani". Picha ina miaka 160, bado unaizeesha?

Walirudia bure, bila kununa. Tukisubiri mashine, kijana akaniuliza hawa waliuawa na nini. Nikamwonyesha kijito pale pichani: maji ya kunywa hapohapo, choo hapohapo. Kuhara, kiseyeye, njaa. Karibu 13,000 ndani ya miezi 14. Safari hii hakugusa kitu.

Nawapa nyota tatu. Ukienda na picha za kale, waambie mapema wasing'arishe, wasikate, waache ukingo mweupe. Na kaa hapohapo kwenye benchi mpaka zitoke.